Kodi ya miezi sita: Ni nani anayemdai mwenzake?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni la kidunia tu, ilhali ndilo linalowagombanisha watu wema, waswalio na wasioswali, katika kila mtaa wa miji yetu. Nalo ni kupanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi. Tutalitazama kutokea mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kwa kuwa yanayotendeka katika miji mingine polepole, huko hutendeka kwa haraka na waziwazi.

Mji unaojaa

Anayekwenda Tunduma kutoka Mbeya hupita Vwawa, makao makuu ya mkoa, kisha Mpemba, na aghalabu kabla hajaingia mjini hukutana na safu ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Malori hayo huelekea Lusaka, Lubumbashi na Kolwezi, na mengine hurudi na shaba. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, nayo huvukia mpaka hapo hapo. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mwaka 2019 kikazinduliwa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani baina ya Tunduma na Nakonde. Riziki ikifunguka mahali, watu huifuata. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta katika mji huo watu wasiofika 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 219,000. Katika muda wa miaka kumi, watu wa mji huo wamekuwa zaidi ya maradufu.

Je, watu wote hao wanalala wapi? Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, halikuweza kuwajengea nyumba wenye haja wote wa nchi hii. Kwa hakika waliowapa hifadhi ni wananchi wenzao: mjane aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, mwalimu mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, mfanyabiashara aliyeinua ukuta mwaka huu na kuezeka mwaka wa tatu. Hao ndio waliojenga Sogea, Majengo na Kaloleni. Na wanaopanga ni kijana aliyetoka Momba, Mbozi au Ileje kuja kubeba mizigo, mama lishe anayewapikia madereva, mbadilisha fedha, karani wa wakala wa forodha, mwalimu na mwuguzi wa ajira mpya.

Nyumba yenyewe msomaji anaifahamu. Mlango mmoja wa mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma ua wenye choo kimoja, bafu moja na kamba za kuanikia nguo. Mita ya umeme ni moja. Maji, ambayo mji huu umeyalilia kwa miaka mingi, huwekwa katika ndoo na madumu, na kila mmoja analijua dumu lake. Familia sita zisizo na nasaba moja hukaa chini ya paa moja, zikisikilizana kikohozi usiku.

Hesabu ya chumba kimoja

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kijana amepata chumba kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Hiyo ni shilingi 180,000 kwa mara moja. Dalali aliyemwonyesha chumba naye anataka ujira wake, ambao katika miji mingi umezoeleka kuwa sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kijana ambaye kipato chake huja kwa siku, tena kwa kadiri malori yanavyopita, anatakiwa atoe shilingi 210,000 kabla hajalala usiku mmoja. Hana, basi hukopa: kwa ndugu, kwa tajiri wake, au kwa wakopeshaji ambao riba yao hatuna haja ya kuieleza, kwani walioionja wanaijua.

Fedha hizo anamkabidhi mwenye nyumba mkononi. Mara nyingi hakuna karatasi. Kuna "karibu, kijana wangu", kuna ufunguo, na kuna dalali anayeshuhudia huku akihesabu fungu lake.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Tumezoea kumwona mwenye nyumba kuwa ndiye mwenye kudai, na mpangaji kuwa ndiye mdaiwa. Ndivyo tunavyosema katika mazungumzo, na ndivyo tunavyoketi: mwenye nyumba kwenye kiti, mpangaji amesimama mlangoni. Lakini kwa kijana wetu huyu, ni nani anayemdai mwenzake siku ile alipokabidhi shilingi 180,000? Yeye amekwisha kutoa chote kilichompasa. Mwenye nyumba bado hajatoa kitu. Anadaiwa makazi ya miezi sita. Kila usiku unaopita kwa salama hupunguza deni lake. Ukimalizika mwezi wa pili, bado anadaiwa miezi minne. Hivyo basi kodi ya mbele ni deni, na mwenye deni hilo ni mwenye nyumba.

Walivyoona wanazuoni

Jambo hili si geni katika fiqhi. Mkataba wa kukodisha, yaani ijara, ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki, mwenye nyumba huumiliki ujira kwa kufungwa mkataba, na hana kosa akiupokea wote mwanzoni iwapo wamekubaliana. Kwa hiyo hatusemi kwamba kupokea kodi ya miezi sita ni haramu, la hasha. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wao wanaona kwamba ujira haumilikiwi kwa mkataba peke yake, ila ikiwekwa sharti la kutanguliza, au ukitangulizwa kwa hiari, au kwa kadiri manufaa yanavyopatikana.

Lakini hata hao Mashafi waliosema kwamba ujira humilikiwa tangu mwanzo, wamesema pia kwamba umiliki huo haujatulia. Hutulia kidogo kidogo kwa kadiri muda unavyopita. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, katika kitabu chake mashuhuri cha Minhaj, alipokuwa akizungumzia zaka, alitoa mfano wa mtu aliyekodisha nyumba kwa miaka minne kwa dinari themanini, naye akazipokea zote. Je, ukipita mwaka wa kwanza atazitolea zaka zote themanini? Kauli aliyoipa nguvu ni kuwa halazimiki kutoa isipokuwa zaka ya zile zilizokwisha kutulia, nazo ni ishirini. Hizo sitini zilizobaki, ingawa zimo mfukoni mwake, bado zinasubiri nyumba isimame na mpangaji akae.

Wanazuoni hao waliandika haya kwa ajili ya zaka, lakini msomaji mwenye busara anaona yanatugusa wapi. Ikiwa fedha ya muda ujao haijatulia kiasi kwamba Mwenyezi Mungu hakumtaka mja wake aitolee zaka, vipi mja huyo aihesabu kuwa ni yake moja kwa moja, asiulizwe?

Mambo matatu yanayotokea

La kwanza ni nyumba kuharibika. Mvua za masika zinabomoa ukuta, au paa linaezuliwa na upepo, na chumba hakikaliki tena. Mpangaji amebakiza miezi minne. Hukmu hapa ni nyepesi: mkataba unavunjika kwa muda uliobaki, na kodi ya muda huo inarejeshwa. Inayosikika mitaani ni tofauti. Mpangaji huambiwa avumilie mpaka fedha ipatikane, kwa kuwa ile yake imekwisha kununua saruji ya chumba cha saba.

La pili ni nyumba kuuzwa. Tunduma ni mji wa biashara, na kiwanja kilicho karibu na barabara hupanda thamani. Mwenye nyumba anauza, na mnunuzi anakuja na fundi wa kubomoa. Kwa Mashafi, kuuzwa kwa nyumba hakuvunji ijara. Mnunuzi huichukua nyumba pamoja na haki ya mpangaji mpaka muda wake uishe. Anayetaka kuuza nyumba tupu basi na akae na wapangaji wake kwanza, wakubaliane, awarudishie kilichobaki.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni mauti. Mwenye nyumba amefariki katika mwezi wa pili. Baada ya matanga warithi wanakutana, wanahesabu vyumba, wanagawana. Kaka mkubwa anapita mlango kwa mlango akisema: "Mapatano yenu na mzee sisi hatuyajui. Kuanzia mwezi huu mnatulipa sisi." Mpangaji hana karatasi, na shahidi wake ni mtu aliyekwisha kuzikwa. Ndugu zetu, Qur'ani katika Surat An-Nisaa imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Wanazuoni walio wengi wanaona kwamba ijara haivunjiki kwa kufa mmoja wa waliofungamana. Warithi wanaipokea nyumba ikiwa na mpangaji ndani na miezi yake minne. Wakimtoza upya, wamekula mali yake, na wamemwachia mzazi wao deni aende nalo alikokwenda. Tumwogopee mzazi wetu jambo hilo. Watoto husoma khitma, huchinja, hulisha watu, na huku deni la mzee limeketi katika chumba cha tatu mkono wa kushoto, hakuna anayelikumbuka ila mpangaji.

Sheria ya nchi inasemaje?

Zamani palikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na namna ya kulipa vimeachwa kwa makubaliano ya wenyewe. Iliyobaki kuwa msingi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sheria hiyo inakubali kwamba upangaji wa muda mfupi unaweza kufanyika kwa maandishi au kwa mdomo, na inamhesabu mwenye nyumba kuwa ameahidi kwamba mpangaji anayelipa na kutimiza masharti atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa. Hivyo mapatano ya mdomo ni mapatano. Lakini yanapokanushwa, mpangaji atayathibitishaje? Akienda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, au akifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ataulizwa ushahidi.

Wenzetu wa Uganda walipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, ikataka mapatano yawe ya maandishi iwapo thamani yake inafika shilingi 500,000 za nchi hiyo. Hata hapo utaona kwamba mwenye chumba cha bei ya chini kabisa, ambaye ndiye mnyonge zaidi, ameachwa nje ya sharti hilo. Ndiyo maana tunasema tusingoje sheria itufanyie lililo katika uwezo wetu.

Hali kadhalika kuna jambo dogo la umeme. Kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi wakati ule. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme katika nyumba ya wapangaji ni mpangaji, naye ndiye aliyekatwa. Serikali ilieleza kwamba pande mbili zielewane na kurejeshewana. Ni wangapi walirejeshewa? Tena kwa kuwa mita ni moja, hukatwa yule tu aliyetangulia kununua mwezi huo, na wenzake watano wakanyamaza. Shilingi elfu moja haimfilisi mtu, lakini imezua vinyongo katika kumbi nyingi.

Na mwenye nyumba ana haki zake

Tusiwe waonevu kwa upande mmoja. Mwenye nyumba anayo hoja, na tumeisikia mara nyingi. Anasema: kodi ya mwezi mmoja mmoja nimeijaribu, nikapata wapangaji wanaohama usiku, na hapa mpakani mtu akivuka barabara yuko nchi nyingine. Anasema pia: benki hazinikopeshi nikajenga, kodi ya miezi sita ndiyo bati langu na ndiyo karo ya watoto wangu. Maneno haya ni ya kweli. Mpangaji anayekimbia na kodi, anayeharibu choo na kunyamaza, anayewaingiza watu wanne katika chumba alichokodi kwa watu wawili, huyo naye ni dhalimu, na ndiye aliyewafundisha wenye nyumba kutomwamini anayekuja baada yake.

Tena mpangaji asidhani kwamba kila akitaka kuondoka kabla ya muda anayo haki ya kurejeshewa. Ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Mwezi Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, riziki ya wengi waliotegemea mpaka ilisimama. Mwenye udhuru wa namna hiyo, akitaka kuondoka, kwa Mahanafi anaweza kuvunja mkataba. Kwa Mashafi mkataba unabaki, kwani nyumba haina kasoro. Lakini hapo ndipo mlango wa ihsani unapofunguka. Mwenye nyumba anayempunguzia aliyefikwa na dhiki, au anayemrudishia kilichobaki ilhali hakulazimika, amefanya biashara na Mola wake, na biashara hiyo haina hasara.

Karatasi moja ya daftari

Tunashauri nini basi? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqarah, aya ya 282, kwamba tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike, na tuweke mashahidi. Tumekwisha kuona kwamba kodi ya mbele ni deni la muda maalumu. Basi iandikwe. Hakuna haja ya wakili wala mhuri wa gharama. Karatasi moja ya daftari inatosha, yenye nakala mbili, moja kwa kila upande, mbele ya mashahidi wawili au mwenyekiti wa mtaa.

Yaandikwe haya. Kodi ya mwezi ni kiasi gani, na kiasi kilichopokelewa ni cha kuanzia tarehe ipi mpaka tarehe ipi. Chumba kikiharibika au nyumba ikiuzwa, kilichobaki kitarejeshwa katika muda gani. Notisi ya kuhama au ya kupandisha kodi ni ya miezi mingapi, na kwamba kodi haipandi ndani ya muda uliokwisha kulipiwa. Umeme, maji na usafi wa choo vinagawanywa vipi baina ya vyumba, na kodi ya jengo iliyokatwa katika umeme inarejeshwa vipi. Mwisho, kwamba mwenye nyumba hataingia chumbani bila idhini. Hili la mwisho wengine hulicheka, wakisema nyumba ni yangu na ufunguo wa akiba ninao. Lakini Surat An-Nuur imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu walio ndani. Chumba ulichokikodisha, kwa muda huo, ni nyumba ya mwenzio.

Anayeweza, na apunguze muda wa kutanguliza. Mwenye nyumba mwenye uwezo akipokea kodi ya miezi mitatu badala ya sita, amemwepusha kijana na mkopo wa riba. Na maimamu wa misikiti na wazee wa mitaa ya Tunduma wanaweza kuandaa nakala tupu za karatasi hiyo, zikae msikitini na ofisi ya serikali ya mtaa, kila mwenye haja achukue, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, kwani katika ukumbi wa vyumba sita wote ni majirani.

Na kwa wenye nyumba tuna neno moja la kuwausia. Kila anayepokea kodi ya mbele na aandike katika daftari lake, mahali ambapo mkewe na wanawe wanapajua: chumba fulani, mpangaji fulani, amelipa mpaka mwezi fulani. Anayefanya hivyo akilala asiamke, warithi wake watajua kipi ni urithi na kipi ni deni. Usiku huu, kabla ya kulala, mwenye nyumba na afungue daftari hilo. Kama halipo, basi Jumamosi asubuhi akalinunue.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitekeleza haki za waja wake kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu ya kulipia. Wabillahi tawfiq.